Bwawa Huanzia Kilimani: Historia ya Mabwawa ya Dodoma

Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma mwaka 1910. Wajerumani walikuwa na haraka: kufikia mwaka 1912 walikuwa Tabora, na mwaka 1914 walikuwa Kigoma. Katika uwanda wa Ugogo, nchi ya Wagogo, haraka hiyo ilikutana na tatizo lisilokwepeka. Garimoshi la mvuke halitembei bila maji, na mji ulioota kando ya stesheni hauishi bila maji, ilhali Dodoma haina mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Kwa wastani hunyesha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nyingi zikishuka katika dhoruba chache kali. Baada ya hapo ni jua na upepo kwa miezi saba, na maji yaliyoachwa wazi hupungua kwa takriban mita mbili kwa mwaka kwa kupaa tu, hata kama hakuna aliyechota ndoo moja.

Watawala walikuja na kuondoka, lakini hesabu hiyo ya kinachoshuka na kinachopaa ilibaki palepale. Kila aliyeijibu kwa kujenga bwawa alijifunza, mara nyingi kwa kuchelewa, kwamba kazi ya kulitunza haianzii ukingoni mwa maji. Huanzia kule juu kilimani, kwenye shamba na malisho ambayo mvua hupita kabla ya kufika bwawani.

Maji ya mchangani

Wagogo walikuwa na jibu lao kabla ya reli. Makorongo ya Ugogo hujaa kwa saa chache baada ya dhoruba, kisha hukauka na kuacha mchanga mweupe. Chini ya mchanga huo maji hubaki, jua lisiyafikie. Kiangazi kinapokolea, watu huchimba shimo katikati ya korongo, wakaondoa mchanga mkavu hadi wafikie ulio na unyevu, kisha wakasubiri. Maji huchuruzika taratibu kutoka pembeni, yakachotwa kwa kata au kibuyu, tena wakasubiri. Kadiri miezi inavyosonga, shimo huongezwa kina, na mifugo hunyweshwa kwa zamu kwenye vihori vya udongo vilivyofinyangwa kando yake.

Kisima cha namna hiyo kilikuwa na mwenyewe. Aliyekichimba na kukitunza ndiye aliyekuwa na sauti juu yake, na mgeni aliomba kabla ya kunywesha. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji iliijua sheria hiyo vizuri. Baada ya kuvuka nyika kame ya Marenga Mkali, walifika Ugogo wakiwa na kiu, na huko kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuwaruhusu kupita na kuchota. Wasafiri Burton na Speke walilipa mwaka 1857, na Stanley akalipa mwaka 1871. Wasafiri wa Ulaya waliandika habari za hongo kwa hasira nyingi. Lakini ukiitazama kwa upande wa mwenyeji, msafara wa mamia ya wapagazi uliweza kumaliza kwa siku mbili maji ambayo kijiji kilikuwa kimeyapangia miezi. Hongo ilikuwa bei ya maji, na bei ilikuwa njia ya kuyalinda.

Mfumo huo ulivunjwa na vita. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua maelfu kati ya mwaka 1917 na 1920. Ukame ulikuwepo kabla, na watu walikuwa wameishi nao. Safari hii walikuwa wamenyang'anywa akiba na nguvu za kukabiliana nao.

Imagi, Msalatu na mawazo ya mhandisi

Serikali ya Waingereza ilirithi reli, stesheni na kiu ileile. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilijenga bwawa dogo la Imagi, kwenye vilima vilivyo jirani na mji. Mji ulipokua, bwawa la pili, Msalatu, likajengwa katika miaka ya 1940. Yalikuwa madogo kwa kila kipimo: kidakio cha Msalatu, yaani eneo lote ambalo mvua yake huelekea bwawani, hakifiki kilomita za mraba 10, na cha Imagi ni kidogo zaidi. Lakini yalikuwa na faida moja kubwa. Vilima vyake vya mawe vilikuwa karibu na mji na vidogo kiasi cha kulindika.

Katika miaka hiyo alikuwepo mtu mmoja aliyeielewa nchi hii kwa miguu yake. Clement Gillman alikuja mwaka 1905 kama mhandisi kijana wa reli ya Wajerumani, akabaki chini ya Waingereza hadi akawa mhandisi mkuu wa reli, na alipostaafu akapewa kazi ya kuishauri serikali kuhusu maji. Aliyatazama maji, udongo, uoto na makazi ya watu kama jambo moja. Ramani zake za watu na uoto wa Tanganyika zilionesha wazi kuwa watu hukaa pale maji yalipo, na kwamba ukiyasogeza maji, umesogeza watu na mifugo pia. Onyo hilo lilikuwa kwenye makaratasi ya serikali kabla wimbi kubwa la ujenzi wa mabwawa halijaanza.

Wimbi hilo lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 Mpango wa Karanga, mradi mkubwa wa kilimo wa serikali ya Uingereza, ulianza Kongwa kwa mashine nyingi na hesabu ndogo ya mvua, na ulipofungwa mwaka 1951 ulikuwa umeonesha dunia nzima kwamba nchi ya kati haitawaliwi kwa trekta. Serikali ikageukia maji. Mwaka 1957 yalikamilika mabwawa mawili makubwa kuliko yote yaliyotangulia: Ikowa, mashariki ya Dodoma, kwa ajili ya umwagiliaji, na Hombolo, takriban kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji, kwenye mto Kinyasungwe Ndogo. Mwaka 1960 likafuata Matumbulu, kusini ya mji.

Hombolo lilionekana kuwa jibu la kudumu. Kidakio chake ni kikubwa mno ukikilinganisha na cha Msalatu, na maji yake ni mengi. Lakini maji hayo huja yamebeba chumvi kutoka kwenye udongo wa mbuga, na kila kiangazi jua huyapandisha maji angani na kuiacha chumvi bwawani. Mwaka baada ya mwaka ladha ikawa kali. Bwawa ambalo lingeweza kuunywesha mji likabaki la wavuvi, wafugaji na wakulima wa bustani, huku Dodoma ikitafuta maji kwingine.

Tope lisiloonekana likiondoka

Tatizo lililofuata lilikuwa la kimyakimya zaidi. Kati ya mwaka 1968 na 1972, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, wakiongozwa na Anders Rapp pamoja na Len Berry, walichukua mabwawa manne ya Dodoma, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakayafanya vipimo vya ardhi ya nchi nzima ya kati. Wazo lao lilikuwa jepesi: bwawa hukamata karibu kila kitu kinachosombwa kutoka kwenye kidakio chake. Ukijua lilikuwa na kina gani siku lilipojengwa, kisha ukapima kina chake leo, umepata kumbukumbu ya udongo wote ulioondoka vilimani.

Sakafu ya bwawa lililokauka husomeka. Ukichimba shimo kwenye tope lake unaona tabaka juu ya tabaka. Dhoruba inapoingiza maji bwawani, mchanga mzito hutua kwanza pale korongo linapoingilia, na udongo laini huelea hadi karibu na tuta kabla ya kuzama. Kila mafuriko huacha jozi ya tabaka, la mchanga chini na la mfinyanzi juu, na mtu mwenye subira anaweza kuyahesabu.

Matokeo yalitisha. Katika kidakio cha Matumbulu, kila kilomita ya mraba ilikuwa ikipoteza zaidi ya mita za ujazo 700 za udongo kwa mwaka. Ukiutandaza udongo huo juu ya kilomita yote ya mraba, unene wake haufiki hata milimita moja. Ndiyo maana mkulima hauoni ukiondoka: shamba lake mwaka huu linafanana na la mwaka jana. Anayeuona ni mwenye bwawa, kwa sababu kwake milimita hizo zinakusanyika mahali pamoja. Watafiti walikadiria kuwa Ikowa na Matumbulu yangejaa tope katika muda wa miaka 25 hadi 30 tu tangu kujengwa. Imagi na Msalatu, yaliyo madogo lakini yenye vidakio vidogo zaidi, yalikuwa na umri mrefu mbele yao.

Walieleza pia udongo ulikotoka. Makorongo yenye kingo zilizobomoka huvutia macho, lakini sehemu kubwa ya tope ilitoka kwenye miteremko ya kawaida, kwenye mashamba yaliyolimwa na malisho yaliyokwanguliwa, ambako maji ya mvua hutembea yakiwa yametandaa na kubeba chembe za juu. Maana yake ni kwamba kuziba korongo moja kubwa hakuokoi bwawa. Kinachookoa ni majani juu ya mteremko mzima.

Wakati utafiti huo ukiendelea, mabadiliko makubwa yalikuwa yakipita juu ya vilima vilevile. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwakusanya Wagogo waliokuwa wametawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa, ili wapate shule, zahanati na maji. Nia ilikuwa njema, na njaa za miaka ya nyuma ziliifanya ionekane ya lazima. Lakini ng'ombe waliokuwa wakizunguka eneo pana sasa walilala na kuchunga mahali pamoja, na kuni zikakatwa kwenye mzunguko uleule kila siku. Onyo la Gillman lilitimia.

Jibu la serikali lilikuwa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Ulianza kwa matuta ya kontua na miti. Matuta peke yake yaliposhindwa kuleta majani, ikachukuliwa hatua kali kuliko zote: mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, la kilomita za mraba zipatazo 1,256. Ng'ombe, mbuzi na kondoo karibu 90,000 walihamishwa. Majani yalirudi kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu, na baadhi ya makorongo yakaanza kujifunika yenyewe. Wenye mifugo, hata hivyo, walilipa gharama hiyo kwa maziwa, samadi na mahari, na waliobaki maskini zaidi ni wale ambao hawakuwa na ndugu wa mbali wa kuwapa ng'ombe wawatunzie. Mlima unaweza kupona. Swali la nani anagharimia uponyaji wake halikupata jibu la haki.

Mji mkuu na hazina ya chini ya ardhi

Mwaka huohuo wa 1973 ulioanza HADO, chama tawala cha TANU kiliamua kuwa makao makuu yahamie Dodoma. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 wataalamu kutoka Toronto, Kanada, wakatoa mpango kabambe wa mji. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 mji ulikuwa na watu elfu 23 hivi. Mabwawa mawili madogo yasingeweza kuubeba mji mkuu.

Kilichoubeba ni Makutupora, bonde lililo kaskazini ya mji, ambako visima virefu vilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950. Chini ya bonde hilo kuna mwamba uliochakaa na kupasuka, na ndani yake maji hukaa mbali na jua, kanuni ileile ya kisima cha mchangani ikiwa kwa kipimo kikubwa. Eneo la visima likahifadhiwa, kilimo na malisho vikazuiwa.

Makutupora kuna kitu adimu barani Afrika: kumbukumbu za kina cha maji ya ardhini zilizotunzwa kwa zaidi ya nusu karne. Utafiti ulioongozwa na Richard Taylor wa University College London, uliochapishwa mwaka 2013, ulipitia miaka 55 ya vipimo hivyo. Ukagundua kuwa asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini katika kipindi hicho iliingia katika misimu saba tu ya mvua kubwa, mkubwa kuliko yote ukiwa ule wa El Nino wa mwaka 1997 na 1998. Miaka mingine mji ulikuwa ukila akiba. Mvua ileile iliyovunja madaraja na kusomba tuta la reli ndiyo iliyojaza hazina ambayo wakazi wangeinywa kwa miaka iliyofuata.

Ugunduzi huo unabadilisha namna ya kutunza maji ya Dodoma. Wastani wa mvua hausemi mengi. Mwenye kusimamia maji anatakiwa ajiandae kupokea mwaka mmoja mkubwa: mteremko uwe na majani ya kupunguza kasi, utoro wa bwawa, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, uwe mzima ili tuta lisipasuke, na korongo liwe na nafasi ya kutandaza maji yazame. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko ya Kinyasungwe, mto unaopokea maji ya Hombolo, yaliharibu reli kati ya Gulwe na Kilosa na kusimamisha treni kwa miezi. Maji yaliyohitajika sana juu yalipita chini kama adui.

Mtera: umeme, samaki na kina cha maji

Kusini ya mkoa wa Dodoma, mpakani na Iringa, kuna bwawa la kipimo kingine kabisa. Mtera lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 pale Ruaha Mkuu unapokutana na Kisigo, ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Lina uwezo wa kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 3. Mwaka 1988 likapata mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kima cha chini kilichowekwa kwa uzalishaji ni mita 690.

Tofauti hiyo ya mita 8.5 ndiyo maisha ya wavuvi wa Mtera. Bonde lake ni tambarare, hivyo maji yakishuka kidogo ukingo hurudi nyuma mwendo mrefu. Perege dume huchimba kiota chake kwenye maji ya kina kifupi, na jike hubeba mayai mdomoni hadi vifaranga wawe tayari kuachiwa penye majani ya pembezoni. Maji yakivutwa haraka kuzalisha umeme, viota hubaki juu pakavu na vifaranga hukosa kificho. Kambale naye husubiri mvua za kwanza ili apande makorongo na kutaga kwenye nyasi zilizofurika. Anayetega nyavu mdomoni mwa korongo wiki hizo hupata samaki wengi kwa siku chache, na huwa amevua uvuvi wa mwaka ujao.

Kwa hiyo hatima ya mvuvi wa Mtera huamuliwa na watu wengi asiowafahamu: mwendesha mitambo ya shirika la umeme, TANESCO, mkulima wa mpunga wa Usangu aliye mamia ya kilomita juu ya mto, mchungaji, na mwenzake mwenye kokoro au nyavu za macho madogo. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukame wa mwaka 2005 na 2006 uliposhusha Mtera, nchi nzima iliingia kwenye mgawo wa umeme, na wafugaji wa Usangu wakaamriwa kuhama. Kama ilivyokuwa Kondoa, aliyekuwa na sauti ndogo ndiye aliyebeba mzigo mkubwa.

Jiji lenye kiu

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa serikali yote ingehamia Dodoma. Mei 2017 CDA ikavunjwa, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Mahitaji ya maji yamevuka lita milioni 100 kwa siku, na mamlaka ya maji, DUWASA, imekuwa ikiongeza visima Nzuguni na kwingineko huku mitaa ikipata maji kwa mgawo. Katika vilima vya Imagi, makazi yamesogelea lile eneo dogo lililokuwa rahisi kulinda.

Tumaini kubwa linatajwa kuwa bwawa la Farkwa, kwenye mto Bubu wilayani Chemba. Wananchi wa vijiji vya Mombose na Bubutole waliambiwa wapishe mradi huo muda mrefu kabla tuta halijaanza kuonekana. Bubu hutoka nyanda za Kondoa na Babati na kuishia kwenye mbuga ya Bahi, bonde lisilo na njia ya kutokea, ambako watu hulima mpunga na kuvua samaki kila mafuriko yanapofika. Farkwa, kwa hiyo, itakaa katikati ya pande mbili zenye haki: juu yake ni vilima ambavyo HADO ilipigania, na chini yake ni wavuvi na wakulima wanaoishi kwa maji yale yale tutakayoyazuia.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto au bwawa, na ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazipa bodi za mabonde mamlaka ya kugawa maji. Lakini mita 60 haziwezi kuzuia tope linalotoka kilomita 20 juu. Historia ya Dodoma inadai zaidi ya hapo. Inadai kwamba fedha ya Farkwa iwe na fungu la vilima tangu siku ya kwanza, kwa majani, matuta na malisho mbadala, na kwamba mfugaji na mkulima wa juu walipwe kwa kazi ya kulinda bwawa kama anavyolipwa mjenzi wa tuta. Inadai vipimo vya kina na tope vifanywe kila mwaka na kubandikwa ofisi ya kijiji, wavuvi na wakulima wa Bahi wakae mezani kabla ya milango ya bwawa kufungwa, na mgawo wa kiangazi ukubaliwe wakati maji bado ni mengi.

Ikowa na Matumbulu yalijengwa kwa ustadi na wahandisi waliojua saruji na udongo. Yalichoshwa na vilima ambavyo hakuna aliyepewa jukumu navyo. Tunaokaribia kujenga bwawa kubwa kuliko hayo mawili tuna vipimo vya tope lake, tuna miaka 55 ya Makutupora, na tuna majina ya vijiji vilivyowahi kulipa gharama peke yao. Tukirudia kosa hilo, hatutaweza kusema hatukujua.